Ushirika na nishati safi kwa kaya za kipato kidogo Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye mikutano ya vijiji na mitaa ya mkoa wetu, mingine chini ya mibuyu, mingine kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, mingine madarasani siku za Jumamosi. Natoa elimu ya ushirika, na kila ninapokwenda, iwe Bahi, Chamwino, Chemba au Mpwapwa, mikono inayonyooshwa huuliza mambo yale yale. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mnaposema "mpito wa nishati" mnazungumzia nini hasa?

Tunazungumzia kuhama. Jikoni, ni kutoka kuni na mkaa kwenda umeme, gesi au jiko linalotumia kuni chache. Sebuleni, ni kutoka kibatari na tochi za betri kwenda taa ya umeme au sola. Shambani na mashineni, ni kutoka dizeli kwenda pampu ya sola au mota ya umeme.

Serikali imeshaweka lengo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Umeme wenyewe upo: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Swali lililobaki ni kama umeme huo utamfikia bibi wa Chemba anayelea wajukuu watatu, au utaishia kwa mwenye mshahara. Swali hilo ndilo linalonifanya nizunguke.

Watu huniuliza pia kama gesi ya mitungi ni "safi" kweli. Jikoni ni safi, haina moshi wa kumwumiza mama macho na kifua. Lakini inatokana na mafuta ya ardhini na gesi asilia, na bei yake hupanda na kushuka kwa mambo ya nje ya nchi. Kwa hiyo tunaisema vizuri bila kuiimbia sifa.

Kwa nini ushirika? Si kila mtu ajinunulie kwa nguvu yake?

Fanya hesabu hii nyumbani kabla hujanijibu. Nenda kwa muuza mkaa, ulizia bei ya gunia, kisha ulizia bei ya kopo. Hesabu makopo yanayotoka kwenye gunia moja, zidisha. Utakuta anayenunua kwa kopo analipa gunia lile lile kwa bei kubwa zaidi, na anayenunua kwa kopo ni yule asiye na fedha ya gunia. Maskini wa Dodoma hajashindwa kulipia nishati. Anailipia kila siku, tena ghali kuliko jirani yake mwenye gari.

Nishati safi imekaa kinyume na mfuko wake. Presha ya umeme, yaani sufuria ya umeme yenye mfuniko unaobana, hula senti kidogo kila siku, lakini kuinunua kunataka fedha nyingi siku moja. Mtungi wa gesi ni hivyo hivyo, sola ni hivyo hivyo, wayaringi, yaani kusuka nyaya za umeme ndani ya nyumba, ni hivyo hivyo. Mlango uko juu, ngazi hakuna. Ushirika ni ile ngazi: watu hamsini wanaweka akiba kidogo kidogo, wananunua presha ishirini kwa bei ya jumla, kisha kila mmoja anarejesha kwa kiasi kile kile alichokuwa akikipeleka kwa muuza mkaa.

Faida ya pili haionekani siku ya kwanza. Kifaa kikiharibika, mtu mmoja mbele ya muuza duka ni mnyonge. Chama kilichonunua vifaa ishirini kikirudi dukani na risiti na hati ya dhamana, kinasikilizwa.

Sisi ni kikundi cha VICOBA cha akina mama kumi na nane. Lazima tuwe SACCOS?

Hapana. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ziko daraja la tatu, huanzia watu 20, na usajili na leseni zake hupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma.

Kama mnataka kununulia majiko watu kumi na nane, kikundi kinatosha. Mkitaka kukopa benki, kumiliki mashine ya kusaga au kufungua duka la vifaa, ndipo usajili wa ushirika unapokuwa na maana, kwa sababu chama kinakuwa na jina lake kisheria na mali haiandikwi kwa jina la mwenyekiti. Kwa sasa pia ipo Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa jijini hapa Aprili 2025. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza vilevile kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kwanza, kisha afisa ushirika wa wilaya.

Ushirika ulikula fedha za wazee wetu. Leo mnataka tuamini nini?

Mzee mmoja wa Kongwa aliniuliza hivi akiwa amesimama, na mkutano mzima ukanyamaza. Sikumpinga. Alikuwa mtu mzima vyama vilipovunjwa mwaka 1976 na kazi zake kukabidhiwa vijiji na mamlaka za mazao, kisha akaona sheria ya 1982 ikivirudisha, kisha akaona viongozi wa baadhi ya vyama wakijenga nyumba huku wakulima wakisubiri malipo. Kumbukumbu hiyo ni mali, msiitupe.

Itumieni kuuliza maswali. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, mkutano mkuu ndio wenye chama. Mkutano ndio unaopitisha makisio ya mapato na matumizi, na ndio unaoweka ukomo wa madeni, yaani kiwango ambacho bodi haiwezi kukivuka kukopa bila ninyi. Hesabu hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine anayekubalika. Basi siku ya mkutano ombeni vitu vitatu kwa sauti: taarifa ya ukaguzi, salio la benki, na orodha ya wadaiwa wakubwa. Mara nyingi orodha hiyo huanza na majina ya wajumbe wa bodi. Mkikuta hivyo, msiende kwenye ajenda inayofuata.

Kwa chama cha nishati ninaongeza moja: daftari la vifaa. Kila presha, kila betri, namba yake, nani anayo, lini imetengenezwa. Fedha hufichwa kirahisi, lakini presha ya umeme ama iko jikoni kwa mtu ama haipo.

Mimi ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa ruzuku kwa kaya maskini. Sina hata fedha ya kiingilio. Nitaingiaje?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu chama kinachopitisha majiko kwa walimu na wafanyabiashara peke yao hakijafanya kazi tunayoisema hapa.

Ziko njia. Masharti ya chama yanaweza kuruhusu kiingilio na hisa vilipwe kwa awamu, hata kwa mwaka mzima, na mtu akawa amepokelewa. Mkutano mkuu unaweza pia kutenga sehemu ya ziada ya mwaka, yaani faida ya chama, kuwa mfuko wa kuwaingizia wasio na kitu. Walengwa wengi tayari wako kwenye vikundi vya kuweka akiba vilivyoundwa chini ya mpango wenyewe, na kikundi kizima kinaweza kujiunga kikaja na akiba yake na nidhamu yake.

Jambo moja nalipinga kila ninapolikuta: kiongozi kushika kadi ya mlengwa, au kukata rejesho juu kwa juu siku ya malipo. Ruzuku ile ni ya chakula na madaftari ya watoto. Mama akichagua mwenyewe kuchangia elfu mbili, sawa. Akikatwa bila kuulizwa, chama kimemgeuka.

Kwa kaya ya namna hii si lazima tuanze na kifaa cha bei kubwa. Jiko banifu lililojengwa vizuri hupunguza kuni tangu siku ya kwanza, na mwanamke anayetembea nusu siku kutafuta kuni huko Chipanga anajua thamani ya safari moja aliyoiokoa kwa wiki. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo sita na majiko banifu kwa bei ya ruzuku wilayani. Zoezi linapokuja huwa wanadai kitambulisho cha NIDA, na hapo ndipo wazee wengi hukwama. Kazi ya kwanza ya chama kwa mzee inaweza kuwa kumpeleka kushughulikia kitambulisho.

Nyumba yangu ni tembe. Nimeambiwa umeme hauingii kwenye tembe.

Unaingia. Kuna kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kiboksi kimoja kilichokwisha kufungwa swichi, soketi na kinga, kinachobandikwa ukutani badala ya kusuka nyaya nyumba nzima. Kilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ndogo na za udongo. Uliza ofisi ya TANESCO ya wilaya kama kipo. Hakikisha kuta ni kavu, na mahali kiboksi kinapokaa pasiwe pale mvua ya Januari inapopitia udongo wa paa.

Kwa sola, paa la tembe halitakiwi kubebeshwa paneli moja kwa moja. Simika nguzo ya mti mgumu kando ya nyumba, paneli ikae juu yake. Utaifikia kuisafisha, na paa lako halitatoboka.

Nguzo inapita mbele ya nyumba yangu tangu mwaka juzi. Kwa nini bado niko gizani?

Kwa sababu kijiji kupata umeme na nyumba kupata umeme ni habari mbili. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vilipangiwa kufikiwa na gridi, na kazi sasa imehamia vitongojini. Lakini takwimu ya kijiji haikuwashii taa.

Gharama ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Watu wengi wanayo, au wanaweza kuipata wakiuza kuku. Kinachowakwamisha ni wayaringi, ambayo fundi huitoza mara nyingi ya hiyo, na bila hati ya fundi mwenye leseni TANESCO haifungi mita. Hapa chama kinafanya kazi nzuri sana kwa nguvu ndogo: tafuteni fundi mmoja mwenye leseni, mpeni nyumba thelathini za kitongoji kimoja, mpatane bei ya jumla, mumlipe nusu mwanzo na nusu mita ikiwaka. Nimeona bei ikishuka sana kwa njia hii, na fundi akafurahi kwa sababu hakuwa na kazi ya kutafuta.

Ukiwa ndani ya maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mji, gharama ni nyingine: 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo. Kuna mitaa ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma ambayo kwa macho ni kijiji kabisa, mbuzi na mashamba ya uwele, lakini kwenye karatasi ni mji. Nadhani wakazi wa huko wana haki ya kulalamika, na malalamiko ya chama yenye saini mia huandikiwa majibu upesi kuliko ya mtu mmoja.

Kupikia umeme si ndiyo kumaliza LUKU?

Inategemea unapikia nini. Jiko la koili, lile la waya mwekundu, linakula sana. Presha ya umeme ni kitu kingine kwa sababu imefungwa na joto halitoki. Chungu cha maharage humaliza kama nusu uniti au pungufu.

Sasa tazama bei. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inakuwa kama 122. Kwa hiyo maharage yale yameiva kwa chini ya shilingi 65. Linganisha na makopo ya mkaa ya kuivisha maharage hayo hayo, mimi sina la kuongeza.

Ukivuka 75, uniti zinazozidi hutozwa 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka utahamishiwa T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ambako kila uniti ni 292 kabla ya kodi. Ndiyo sababu jirani yako akiweka elfu tano anapata uniti nyingi na wewe unapata chache: mko makundi tofauti. Kaya inayopikia presha mara mbili kwa siku itatumia kama uniti 25 hadi 30 kwa mwezi kwa mapishi hayo. Ongeza taa, simu na redio au televisheni ndogo, bado uko chini ya 75. Ongeza friji ya zamani, hesabu inaanza kubana.

Kabla hamjanunua, piteni nyumba kwa nyumba na fundi. Soketi na waya lazima vibebe wati 1,000. Na tazameni umeme saa moja jioni, kila mtu anapowasha. Kama taa zinafifia kitongoji kizima, transfoma imezidiwa. Iandikieni TANESCO kwanza.

Mimi ni mpangaji, tuko kaya nne kwenye mita moja.

Basi uniti 75 mnazimaliza wote katika wiki moja au mbili na mnalipa bei ya juu, ingawa kila mmoja wenu ni mtumiaji mdogo. Ni jambo linalouma. Ombeni mwenye nyumba aruhusu mita za ziada, na chama kinaweza kumkopesha yeye gharama hiyo huku kodi ya pango ikibaki ilivyo kwa muda mtakaokubaliana kwa maandishi. Na ile shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni kodi ya jengo. Jengo ni la mwenye nyumba, kaeni naye mkubaliane airudishe.

Ugali wa uwele unasongwaje kwenye presha?

Hausongwi, na sipendi wanaowadanganya akina mama kwenye maonyesho. Ugali unataka sufuria iliyo wazi, mwiko na mtu wa kuukandamiza. Presha ni ya maharage, makande, nyama, kunde, mchele. Makande peke yake yanatosha kuilipa, kwa sababu ndiyo yanayokaa motoni kwa muda wa saa tatu.

Kwa hiyo kaya nyingi zitakuwa na majiko mawili kwa muda: presha, na jiko banifu au gesi kwa ajili ya ugali. Hakuna aibu. Tukiondoa mkaa wa makande na maharage tumeondoa sehemu kubwa ya gunia. Mlenda mkavu huiva haraka popote.

Nachelea gesi italipuka.

Hofu yako ina maana, hivyo chama kitoe mafunzo kabla ya mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini, kwa hiyo mtungi usikae shimoni wala chumba cha kulala. Pima kuvuja kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu fungua milango, funga mtungi, usiguse swichi.

Na nunueni mizani ya chama. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo sita, pima. Mjane anayeuziwa kilo tano kwa bei ya sita anaibiwa kila mwezi bila kujua.

Mume wangu anachoma mkaa. Mnataka tufe njaa?

Mama huyu alinisubiri mkutano ulipokwisha, hakutaka kuuliza mbele ya watu. Tunazungumza sana juu ya wapikaji, na wazalishaji wa mkaa tunawataja kama wahalifu. Wengi wao huingia porini mvua zikigoma na shamba likikataa. Mkaa ndiyo bima yao.

Mkoa wetu una historia ya kutufundisha. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa. Nenda leo uone, miti imerudi na makorongo yametulia. Lakini waulize wazee wafugaji nani aliulipia uponyaji huo. Ng'ombe walihamishwa kwenda mbali, familia zikagawanyika, maziwa yakatoweka kwenye vyombo vya watoto. Ardhi ilipona kwa gharama ya watu wachache, na wengine wote tukafaidi. Sitaki tulirudie jambo hilo kwa wachoma mkaa.

Chama kinaweza kumpokea mume wako kama mwanachama kabla hajaacha tanuri, na kumtafutia kipato cha kushika mahali pake polepole. Anajua miti kuliko sisi. Kazi ya kisiki hai, kuchagua machipukizi ya visiki vilivyo hai shambani na kuyatunza yawe miti tena, imeenea sana Dodoma na inahitaji watu wa aina yake, na matawi anayopogoa ni kuni halali. Mizinga ya nyuki nayo inalipa, ingawa asali haiji mwezi wa kwanza, na miezi hiyo ya kusubiri chama lazima kiwe na mpango wake. Mwenye baiskeli au bodaboda anayesambaza mkaa anaweza kusambaza mitungi au mkaa mbadala kwa wateja wale wale. Vijana wapelekwe VETA, chuo cha ufundi stadi, wakajifunze umeme wa majumbani, chama kiwalipie ada kwa mkataba wa kurudi kuhudumia wanachama.

Je, vyote hivi vitajaza pengo? Kwa baadhi ya familia ndiyo, kwa nyingine si kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema sehemu ya ziada ya chama itengwe kwa jambo hili kwa jina, iandikwe kwenye makisio, isiachwe kuwa huruma ya mwenyekiti.

Tuko mbali na gridi. Sola ipi tununue?

Jua tunalo kuliko sehemu nyingi za nchi, adui zetu ni vumbi, joto na vifaa bandia. Paneli ielekee kaskazini kidogo kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta, iinamishwe nyuzi kama 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kiangazi ifutwe kila wiki kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto.

Betri ndiyo inayokufa kwanza. Ya risasi, ile nzito kama ya gari, chaji yake ikishuka chini ya nusu mara kwa mara haikai, na kuiweka chini ya bati la moto ni kuiua. Ya lithiamu ni ghali lakini hudumu zaidi. Kwa chama kinachokopesha kwa miaka miwili mimi ningechagua hiyo, maana hakuna kitu kinachovunja marejesho kama mtu kudaiwa kifaa kilichokwisha kufa. Betri iliyokufa irudishwe chamani. Risasi iliyomo ni sumu, watoto wasiichezee wala mtu asiipasue nyuma ya nyumba.

Marejesho yatakuwa kila mwezi? Mimi napata fedha mara moja kwa mwaka.

Hapa ndipo vyama vingi vinakosea, vikinakili mkopo wa mtumishi na kumpa mkulima. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Alizeti na uwele huingia ndani kati ya Mei na Julai. Mwenye zabibu huvuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti au Septemba. Miezi ya Januari hadi Machi ghala la wengi liko tupu.

Basi rejesho lifuate ghala. Kubwa baada ya mavuno, dogo sana la kuweka mazoea miezi mingine, na Januari hadi Machi lisiwepo kabisa kwa wakulima. Mvua zikikatika, mkutano uwe na utaratibu ulioandikwa mapema wa kusogeza mbele bila adhabu. Mwenye biashara ya mama lishe, kwa upande wake, alipe kila siku au kila wiki, kwa simu, kwani fedha yake haikai.

Kwa nini tusizalishe umeme wetu wenyewe tukauza?

Imewahi kufanyika. Urambo, mkoani Tabora, wananchi walianzisha ushirika wa watumia umeme katikati ya miaka ya 1990, wakiendesha jenereta za dizeli, umeme ukiwaka saa za jioni. Bei yao ya uniti ilikuwa juu kuliko ya TANESCO, na bado watu walilipa, kwa sababu waliipanga wenyewe na fundi alikuwa mtu wanayemjua. Kule Ludewa, Njombe, wananchi wa Mawengi na vijiji jirani wanamiliki umeme wa maji wa LUMAMA.

Nawaheshimu sana. Lakini Dodoma hatuna maporomoko ya Ludewa, na gridi imetukaribia kuliko ilivyowakaribia Urambo wakati ule. Kuzalisha kunataka mtaji mkubwa, taratibu za EWURA na fundi wa kudumu. Ushauri wangu ni kuanza na mashine ya kusaga ya umeme inayomilikiwa na chama. Akina mama wanaihitaji kila wiki, inalipa yenyewe, na inawafundisha kutunza mota na kuweka fedha ya matengenezo. Chama kilichoshindwa kutunza mashine ya kusaga kwa miaka miwili kisikope kujenga mtambo.

Mwanachama akifariki, deni la sola linamwangukia nani?

Inategemea mlichoandika. Mikopo ya chama iwekewe bima ya mkopo, hata kwa mchango mdogo kwa kila mkopaji, ili deni life na mwenye deni na kifaa kibaki kwa familia. Pasipo bima, chama kitajikuta kinamfuata mjane akiwa bado kwenye matanga, na nimeshuhudia ndugu waking'oa paneli usiku kabla bodi haijafika.

Fomu ya uanachama ina nafasi ya kuandika jina la mrithi wa hisa na akiba. Nimepitia fomu nyingi, na nafasi hiyo mara nyingi iko wazi. Ukirudi nyumbani leo, mwombe katibu akuonyeshe ya kwako, ujaze.